Tikisa, Usizungushe

Lilianza kama tabia, si ugonjwa.
Nikitoka Kayenze alfajiri na masanduku ya sato,
barafu ikidondoka nyuma,
gari lilikuwa likiinamia kushoto, taratibu,
kama mtu anayetaka kukwambia siri akaona haya.
Nami nikalivuta kulia. Hivyo tu. Miezi saba.

Nyakato walinipimia magurudumu mara mbili,
wakanyoosha, wakaandika risiti,
na wiki ya pili tairi likaliwa tena upande wa ndani
hadi nyuzi zikachungulia.
"Barabara," walisema. "Mashimo."
Shemeji akasema ni uendeshaji wa kike.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu bei ya tairi.

Ndaki wa Igogo hakusema kitu.
Aliweka jeki, akasukumia jiwe nyuma ya gurudumu
(mji huu haujawahi kukosa jiwe),
akashika tairi saa tatu na saa tisa.
Uisome kwa saa yetu au ya kwenye simu,
mikono inaangukia palepale.
Akasukuma, akavuta.
Ko.
Akashika saa sita na saa kumi na mbili: kimya.
"Boljointi nzima. Tairodi endi ndiyo inayosema."

Akalaza boksi la sabuni, akaingia chini,
nje zikabaki katambuga
zenye meno kuliko tairi langu.
"Mama Sayi, kaa kwenye usukani. Tikisa."
Nikazungusha.
"Usizungushe! Tikisa. Kidogo,
kama unamwamsha mtoto asiyetaka shule."
Nikatikisa. Ko, ko.
"Sasa shuka, uje uweke kidole hapa."
Kijana wake akakaa nafasi yangu,
nami na kanga yangu ya sokoni nikalala vumbini,
nikagusa kifundo chenye raba iliyopasuka,
grisi imekauka kama ugali wa jana,
na ndani yake chuma kikaruka,
kikanigonga ncha ya kidole.
Hicho. Unene wa ukucha.
Hicho ndicho kilichokula matairi mawili.

"Huyu ni Kulwa," alisema. "Doto yuko kulia.
Hajalia bado, lakini walizaliwa siku moja."
Nikabishia bei. Akaniacha nibishe.
Kijana akatumwa Rwagasore na hela ya mbili.

Kotapini ilikatika, bila shaka.
Nati ikagoma, ikapewa mafuta, ikapewa muda wa chai.
Nyundo haikupiga bolti; ilipiga shavu la mkono wa chuma,
mara mbili, mara tatu, hadi kifundo kikaachia
kwa mlio wa mtu aliyekubali deni.
Kisha akaanza kuifungua, akihesabu chini kwa chini,
imo, ibili, idatu,
maana mpya lazima iingie kwa mizunguko ileile;
ukipoteza hesabu, magurudumu yatapeana mgongo
kama majirani wenye kesi ya mpaka.
Alipokaribia mwisho simu yake ikalia.
Akanyamaza. Akanitazama.
"Kumi na saba," nikasema.
"Na nusu," akasema kijana.
Tulimwamini kijana.

"Kesho rudi Nyakato wakupimie," alisema akifuta mikono.
"Safari hii wana cha kupima."

Nikapita Pasiansi, nikapita uwanja wa ndege,
ziwa likitokea na kupotea katikati ya mawe.
Nilipolegeza vidole, gari lilikwenda lilikoangalia.
Aliyeyumba ni mimi.
Mara tatu kabla ya Igombe
nilikuta tairi la kulia limefika katikati ya barabara,
mwenye bodaboda akanipigia honi kwa hasira,
maana mikono yangu, miezi saba shuleni,
ilikuwa bado inavuta kulia,
ikibishana na gari
lililokwisha kunyamaza.