Ukiwa Bado na Koti

Miaka ishirini na sita, kila Jumanne saa kumi na mbili unusu,
nimeshuka ngazi za chini ya kanisa la Wahungaria,
Toledo, mashariki ya mto,
nikawasha taa inayosita kabla ya kuwaka,
nikapanga viti vya chuma,
nikaandika ubaoni: Ilona Szabados,
na chini ya jina, somo la kwanza.

Fungua barua ukiwa bado umevaa koti.
Usingoje chai. Usiiweke juu ya friji.
Ukiketi nayo, hofu nayo itavuta kiti.

Walikuja wa kiwanda cha vioo, vidole vimejaa makovu membamba,
wapishi wa shule, mfagiaji wa hospitali
aliyesinzia mbele kabisa, bila aibu, kalamu mkononi.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
nikawagawia madaftari. Ya waridi, kwa kuwa yalipunguzwa bei.
Wakaandika. Ikapotea vilevile,
ila sasa habari zake tulikuwa nazo:
gesi, kodi ya nyumba, gesi, insulini,
giaboksi iliyokufa Desemba.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na jibu la kila kitu.
Nilimwambia Graciela Ontiveros aache kahawa ya dukani,
nikampigia hesabu: dola mbili mara siku mia tatu.
Akaitazama hesabu kwa heshima, kama mtu anayetazama picha ya mtoto wa mwenzake.
"Ni kweli," akasema. "Lakini kati ya zamu na zamu
pale ndipo ninapoketi.
Hiyo si kahawa, mwalimu. Hicho ni kiti."
Nikafuta ubao.

Orville Pruett aliandika: kaburi la mbwa, dola arobaini.
Nikauliza tuiweke safu gani, ya mahitaji au ya matamanio?
Darasa zima likanigeukia.
Tukachora safu ya tatu.
Haina jina mpaka leo.

Wafadhili hutuma fomu. Wanataka asilimia:
wangapi wameweka akiba, wangapi wamepunguza deni.
Hakuna kisanduku cha Orville siku aliporudi
kwenye lile duka la mikopo lenye taa ya kijani,
akamwomba karani amsomee riba kwa sauti,
kisha tena, polepole, maana sikio lake la kushoto lilibaki kiwandani,
foleni nyuma yake ikisikiliza
mpaka watu wawili wakatoka nje.
Niliandika: wanufaika, watatu.

Na akina Havranek.
Niliwafundisha yote niliyoyajua. Waliandika kila senti.
Daftari lao lilikuwa safi kuliko langu.
Benki ilipochukua nyumba haikuomba kuliona.
Bozena alilirudisha kwangu, kurasa sita bado tupu,
akasema labda litamfaa mwingine.
Sikumpa mtu.

Shirika letu si la faida, nami nimefanana nalo.
Juni hii ninastaafu. Ufunguo nimempa Graciela,
yeye aifundishe Jumanne kwa Kihispania na Kiingereza,
na kwanza, kabla ya hesabu yoyote, awape watu kahawa.
Aliniuliza kama kuna jambo lolote sijamwambia.
Nikasema taa, inasita, usiipige.

Jambo ni hili: juu ya friji yangu zipo barua tatu za hospitali,
za kaka yangu László, aliyeondoka na kuniachia saini yangu.
Zimekaa hapo tangu Pasaka.
Ile ya chini imeanza kujikunja kwa joto.

Jana nimeingia na mvua mabegani.
Sikuwasha redio. Sikuvua kitu.
Nikachukua ya chini, nikatia kidole kwenye pembe ya bahasha.

Mkono ulikuwa mwepesi, kama nilivyowaahidi watu miaka yote?
Hapana. Ulikuwa mzito.
Koti lilisaidia kidogo.