Krediti Arobaini na Moja

Barua ilifika Jumanne, zamu ya pili ya kukamua.
Sikunawa. Niliifungua kwa mikono ya maziwa,
herufi za juu zikalowa:
katika krediti sitini nilizochuma
chuo kikuu cha Delft kinapokea arobaini na moja.

Baba akauliza, "Hizo nyingine zimekwenda wapi?"
kwa sauti ya mtu aliyehesabu mitamba magharibi
akakuta zizi lina pengo.

Zimebaki hapa Tulare, Baba.
Ngoja nizihesabu mimi, maana wao wamezipita.

Tatu ni za kulehemu. Usiku, karakana ya nyuma,
Wendell, aliyeendesha malori miaka thelathini
na sasa ni mwanafunzi kama mimi,
alinishika kiwiko: "Usiukimbize moto, binti.
Ngoja chuma kikubali."

Tatu ni za kuzungumza mbele ya watu.
Nilisimama na karatasi inayotetemeka
nikasimulia jinsi babu alivyotoka Terceira
na jibini ndani ya koti, jibini likanuka meli nzima.
Nikanyamaza kutafuta neno.
Mai Yer, mama wa watoto watano,
akadhani nimemaliza, akapiga makofi,
darasa zima likamfuata.
Basi nikawa nimemaliza.

Tano ni za hesabu za chini kabisa.
Miaka ishirini na minne, ng'ombe mia mbili mkononi,
nakaa kujifunza upya robo na theluthi.
Binamu yangu Norberto alicheka: chuo cha waliokosa.
Sikumjibu. Nilikuwa najumlisha.

Moja ni ya kuogelea.
Mimi, mtoto wa vumbi,
nililala chali juu ya maji nayo hayakunimeza.
Hii ndiyo inayoniuma kukataliwa,
na huko niendako bahari iko juu ya paa.

Hapo ni kumi na mbili. Saba zilizosalia
sizikumbuki zilikuwa za nini.
Labda ni ukungu wa Januari,
taa za gari zikimulika ukuta mweupe,
nami naendesha dirisha wazi, natega sikio
nisikie njia panda kabla sijaiona.

Haba na haba hujaza kibaba, nakubali.
Ila hakuna anayesema kibaba nacho kina tundu.

Bi Araxie Kachadourian, mshauri wa wanafunzi,
alinisogezea aprikoti kavu, akageuza risiti ya maegesho
akachora mshale: miaka miwili hapa, mitatu kule.
Nilimuuliza kama watajua nimetokea wapi.
"Watajua," akasema. "Tafuna kwanza."

Nilimweleza kuhusu kisima chetu.
Mwaka ule wa tatu wa ukame kilikohoa mchanga,
wachimbaji wakashuka mita mia tatu
kuyafuata maji yaliyotukimbia.
Na tulipoyavuta, ardhi ikakaa chini,
ikatulia kama mzee aliyechoka kusimama:
daraja la mfereji limeinama, nguzo ya uzio inaning'inia.
Nchi yetu inazama kwa kiu.
Ya kwao imezama tangu zamani, na hailowi.
Nina swali moja tu, nikamwambia,
na mtu wa kuulizwa yuko mbali.

Hakuandika lolote. Akafuta miwani.
Kisha akaongeza mshale wa pili,
mfupi, wa kurudi,
akaukunja upande wa ndani.

Wiki ile ile nikaamka saa tisa usiku kufunga mashine.
Kwenye zizi la kusini palikuwa na pengo kweli:
mitamba wanne, wale wa madoa, wale wazuri.
Baba alikuwa anamwaga pumba, amenipa mgongo.
Juu ya tangi la maziwa, bahasha.

Nami sikumuuliza wamekwenda wapi.