Milioni Tisa na Laki Nne

Pesa yangu ilinuka hamira.
Miaka minne ya mikate, kikoba cha wanawake wa Ediofe,
noti zilizokunjwa ndani ya mfuko wa unga:
milioni tisa na laki nne,
na laki mbili nilizowaficha hata waliozihesabu.

Fundi Drani alinionya tangu nyumbani:
ukifika, usilichekee gari.
Ukicheka, bei inapanda.
Basi nikaingia uwanja wa magari, barabara ya Rhino Camp,
uso nimeukunja kama aliyekuja kudai deni.

La kwanza lilikuwa jeupe, limeoshwa hadi tairi,
dashibodi inameta, kilometa elfu themanini na mbili tu.
Dalali, kijana wa viatu vyenye ncha, akasema,
"Mama, hili lilikuwa la mzee wa Kijapani, la kwendea sokoni."
Wazee wa Japani, kwa hesabu ya madalali wa Arua,
hawana kazi nyingine ila kwenda sokoni polepole.
Drani hakujibu. Alitazama pedali ya breki,
raba imelika hadi chuma.
"Elfu themanini? Alikanyaga nani, tembo?"
Kisha akainua zulia la buti, akatoa tairi ya akiba,
na chini yake mchanga laini, wa kijivu,
mchanga wa maji yaliyowahi kulala humo.

La pili hatukulimaliza. Liliwaka, likatoa moshi wa buluu,
Drani akalizima, akalipigapiga boneti
kama anayetoa pole msibani.

La tatu halikuwa uwanjani.
Lilikuwa Mvara, nyuma ya duka la dawa,
Corolla ya kijivu yenye mlango mmoja wa kijani
uliotolewa kwenye maiti ya gari jingine.
Kioo cha nyuma hakishuki. Redio hakuna, limebaki tundu,
na ndani ya tundu, rozari na peremende mbili.
Uso wangu haukuhitaji tena kukunjwa.

Drani akawasha injini, akachukua bisibisi ndefu,
ncha juu ya chuma, mpini sikioni,
macho amefumba, kama mtu anayesikiliza
ugomvi wa jirani ukutani.
Tukanyamaza sote, hata kuku.
"Halina siri," akasema.

Mwenyewe akatoka, Bi Ayikoru, mkunga mstaafu,
goti limemfukuza kwenye usukani.
Hakulisifu gari lake hata neno moja.
Alileta daftari la shule, jalada limeshikwa na plasta ya hospitali.

*Machi: oili, filta, elfu themanini na tano.*
*Juni: plagi nne. Fundi alitaka kuniuzia za zamani.*
*Septemba: shokapu za mbele. Barabara ya Vurra imetumaliza.*
Na katikati ya mistari hiyo, kwa kalamu ileile:
*Usiku, saa nane. Hakungoja wodi. Kiti cha nyuma.*
*Wa kike, kilo tatu na robo. Kiti nimekisugua.*

Tulihesabu sita.
"Saba," akasema Bi Ayikoru. "Mmoja sikumwandika."
Akageuza ukurasa.

Alitaka kumi. Nikasema tisa. Drani akanikanyaga mguu.
Tukakutana tisa na laki tano,
na hivyo mojawapo ya zile laki za siri
ikapiga chafya mbele ya watu.
Namba ya injini na ya kwenye kadi ni ileile:
Drani aliisoma kwa tochi, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili.

Sitasema linaruka. Mlimani linalalamika,
na mvua ikinyesha naufunga mlango wa kijani kwa kamba ya katani.
Watoto wa Kuluva wanaliita Kasuku.
Lakini saa kumi na moja alfajiri, ufunguo mara moja,
linaitika.

Juzi nimefungua ukurasa safi wa daftari.
*Oili, filta. Mikate mia mbili na arobaini, Ediofe hadi Kuluva.*
*Kioo bado hakishuki.*
Kisha nikaacha mistari miwili mitupu,
sijui ya nini.