Mshale

Saa moja asubuhi, theluji ya Gyumri imefika vifundoni,
nami nimebeba kisanduku cha mawe ya mizani:
kilo tano, kilo mbili, kilo, nusu, robo,
na yale madogo ya gramu, yamelala kwenye mahameli
kama meno ya mtoto.

Mbele yangu Vardges haangalii nyuma,
mkaguzi wa mizani wa manispaa,
kofia imempwaya, soli ya kushoto imepanua mdomo.
Mimi msaidizi wake. Mkataba wa miezi sita.
Umebaki mmoja, na siku kumi na moja.

Nilisoma famasia Yerevani, miaka mitatu.
Nikaacha.
Ukiniuliza kwa nini, ninayo majibu manne,
na kila jibu lina mtu wake.
Mama huambiwa ada.
Shangazi Satenik huambiwa macho, yaliniuma kwa kusoma.
Rafiki zangu huambiwa yule mhadhiri.
La nne ni langu,
na sijalipatia maneno.

Sokoni, Arusyak muuza jibini ananikazia macho:
"Wewe si binti wa Ruzan? Si ulikuwa daktari?"
"Mfamasia."
"Ehe. Na umemaliza?"
Naweka jiwe la kilo mbili kwenye kitanga.
Mshale unapita, unarudi, unapita kidogo, unatua.
"Iko sawa," nasema.
Niliijibia mizani.
Yeye akachukua kuwa nimejijibia mimi.

Nvard, tuliyekaa dawati moja, amenitumia picha:
koti jeupe, jina kifuani kwa herufi za buluu.
Naitazama kama mtu anayesoma bei
ya kitu asichokwenda kununua,
kisha anarudi, anaisoma tena.

Wanasema mshika mawili moja humponyoka.
Mimi sijashika hata moja,
na mikono imechoka.

Chini ya mahameli nimeficha barua ya chuo:
nafasi yako ipo hadi tarehe thelathini.
Nimeipima. Gramu tano.

Kwa Hmayak muuza nyama tulifika mwisho.
Mizani yake ndiyo sifa ya soko zima.
Ukiweka paja la kondoo, mshale unakwenda moja kwa moja,
unasimama kama askari, hautikisiki.
Watu huvuka mtaa mzima kuja kuamini mshale ule.
Vardges akaweka kilo moja: kilo moja.
Akaongeza gramu kumi. Kimya.
Ishirini. Kimya.
Hamsini, na mshale hauna habari.

"Lakini haijawahi kutetemeka!" Hmayak alifoka, kisu mkononi.
"Ndiyo kasoro yake," alisema Vardges,
akaifungua tumbo:
kutu, mafuta yaliyoganda, unyoya mmoja wa kuku.

Hakuwa akinipa wosia, msimsingizie.
Alikuwa na njaa, na alitaka bisibisi ndogo.
Nilimpa ile kubwa.
Alinitazama.
Nikampa ndogo.

Wala usidhani nilipona palepale.
Tulikula mkate na jibini tumesimama,
nikahesabu vidole nilivyoviacha baridi ivitafune,
mchana nikakosea kuandika namba za mizani tatu.
Lakini tulipoirudisha ile ya Hmayak juu ya meza,
niliweka gramu moja, moja tu,
na mshale ukashtuka
kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati.
Ukayumba, ukayumba.
Hmayak akasema tumeiharibu.

Sasa ni usiku. Fomu iko mezani.
Jina: Shogher. Umri: ishirini na tatu.
Kazi: nimeandika kwa penseli, nimefuta, nimeandika,
karatasi imeanza kuota manyoya mahali pale.

Nimeingiza mkono mfukoni kutafuta kichongeo
nikakuta jiwe la gramu moja.
Sikulirudisha.
Kesho Vardges atafungua kisanduku, atakuta pengo,
atavuta pumzi ile yake ndefu.

Nimeliweka juu ya barua.
Dirisha hili halifungi vizuri.