Taa ya Walukuba

Maji yaligeuka kijani wiki ile mvua zilipokata.
Jua liliingia dirishani bila hodi
likakaa juu ya tangi mchana kutwa.
Naigaga akapita na ndoo, akachungulia:
"Baba Kagoya, huu ni mchuzi wa dodo.
Nisonge posho?"

Nilibadilisha nusu, kisha yote kasoro samaki.
Nikasugua kioo kwa shati langu la kiwandani.
Siku ya tatu ukijani ulirudi, umenona.
Mwani ule si uchafu wa kushikwa kwa vidole:
ni vumbi hai, kila chembe imebeba jua lake,
unaichota, inazaa.

Mle ndani, mahali fulani, furu wangu saba
niliowaokota Masese kati ya mukene wa ndoo.
Nilijua wapo kwa sababu chakula kilikwisha,
na usiku niliwasikia wakigonga kokoto.

Ochwo, fundi wa redio na mafriji,
akaniletea bomba jeusi, urefu wa mkono wa mtoto,
lina nyaya mbili na onyo moja:
"Usiitazame taa yenyewe. Itakula macho.
Rangi yake imepita urujuani, ikaendelea;
huko inakokwenda jicho la mtu halina tikiti."
Akapunguza pampu mpaka maji yakatembea
kama mtu anayetoka msibani.
"Yakipita mbio yatapita na wadudu wake.
Mwanga huu hauui kwa hasira,
unaua kwa kukaa nao."

Dawa ya moto ni moto, tulifundishwa.
Sikujua kuwa dawa ya jua ni taa.

Siku ya kwanza, dodo. Siku ya pili, dodo.
Umeme ukakatika, ukarudi, tokeni ikaisha.
Naigaga akapiga hesabu: taa hii ni kilo ngapi za sukari,
na hakukosea hata kilo moja.
Siku ya tano ukawa ukungu tu,
ule unaoondoka asubuhi mashambani mwa miwa Kakira.
Siku ya saba niliamka nikadhani tangi limevuja,
limebaki tupu,
samaki wananing'inia hewani.

Walikuwa sita.
Sitasema nilihuzunika; nilihesabu tena.
Na yule jike mwenye mkia uliopasuka,
aliyekataa kula, niliyekwisha kumzika moyoni,
mashavu yalikuwa yamemjaa.
Kagoya ndiye aliyeona, pua kwenye kioo:
"Baba, ana macho mdomoni."
Macho madogo, mengi, yakitazama nje
kama watoto dirishani mwa darasa mvua inyeshapo.

Jioni aliwatema.
Wakatawanyika kama ufuta uliomwagika,
nami nikakumbuka mdomo wa pili, ule wa pampu,
usiotofautisha mwani na mwana.
Bombani mle mwanga hauulizi jina.
Kagoya akavua soksi ya shule, ya mguu wa kushoto,
tukaivalisha pampu, tukaifunga kwa mpira.
Jumatatu akaenda darasani na soksi moja.
Aliulizwa, akaeleza, hakuaminiwa.

Ochwo anasema taa itachoka kabla haijazimika:
baada ya mwaka itaendelea kuwaka buluu yake
na haitaua kitu.
Nimeandika tarehe ukutani kwa mkaa.
Watu wa namna hiyo nimewajua,
nimefanya kazi chini yao.

Jana nilishuka Masese na mtungi.
Ziwa lilikuwa kijani, zito, linanuka majani yaliyolala,
na watoto wanachota hivyo hivyo.
Nikasimama nikiwaza bomba la unene gani,
soksi ngapi, tokeni za nani.

Nilirudi na mtungi mtupu.
Naigaga alikuwa amevuta kiti mbele ya tangi,
anachambua mchele
bila kuutazama mchele.