Kituo cha Nne Hakimo Kwenye Ratiba

Saa mbili na robo. Wageni kumi na mmoja, Koasta ya kukodi,
kipaza sauti kimekufa tangu Mikindani,
basi natumia koo: Karibuni Mtwara,
leo tutatembelea vitu vilivyokataa kufa.
(Sentensi hiyo niliiandika usiku. Wamecheka. Naiweka akiba.)

Kituo cha kwanza, Magomeni. Fundi Litunungu
analipasua tairi la lori kama anayekata papai,
mchanga wa barabara ya Masasi ungali kwenye meno yake.
Hili, asema, limekwenda Newala na kurudi hadi likapata kipara,
sasa litakwenda polepole, mguuni mwa mtu.
Afisa mazingira kutoka Nachingwea anajaribu jozi.
Inambana. Ananunua hivyo hivyo.

Kituo cha pili msizibe pua, jamani, nawaomba,
ingawa siku ya kwanza mimi mwenyewe niliziba.
Matumbo ya samaki kutoka feri, maganda ya ndizi, viporo vya hoteli,
na humo ndani funza, maelfu,
wanatafuna kwa sauti ya manyunyu juu ya bati.
Ajaba huwafuga, huwakausha, huwauzia wenye kuku.
"Na mbolea inayobaki?"
Inakwenda kwenye mchicha ule.
"Na mchicha?"
Mtaula saa saba.
Tukarudi garini kimya kimya.

Cha tatu ni mabibo. Zamani, msimu ukipamba moto,
yaliozea chini ya mikorosho mpaka nyuki wakapepesuka.
Sasa akina mama wa Naliendele wanakamua siki,
madumu yamepangwa, lebo zimebandikwa,
ila dumu moja la nyuma halina lebo
na mwenyekiti alilikalia muda wote alipokuwa akitueleza.
Sikuuliza. Uraka nao una mzunguko wake.

Hapo ratiba imekwisha.
Lakini dereva ananijua,
akakata kona ya mchanga mpaka kwa mama yangu.

Somoe binti Nambunga. Miaka kumi na tisa
alibangua korosho kwa vidole vitupu,
utomvu wa ganda ukimla ngozi tabaka kwa tabaka.
Siku ya kujiandikisha kupiga kura mashine ilimkataa:
vidole kumi, hakuna hata kimoja chenye mstari.
Kijana wa kompyuta akamwambia akanawe.
Akanawa mara nne.

Leo maganda yale yale, yaliyokwisha kukamuliwa,
huyachoma ndani ya pipa, huyasaga,
huyakanda kwa uji wa muhogo
na kuyafinya yawe mkaa, vitofali vyenye tundu katikati.
Nikawaambia wageni: huu ndio uchumi wa mzunguko.
Neno nililipata kwenye semina, siku tatu, na posho.
Mama akaniangalia kama aangaliaye chungu kinachovuja.
"Mzunguko? Sisi tuliita kutotupa.
Na kabla ya hapo tuliita kukosa."

Yule mgeni aliyekuwa akiandika kila kitu
akafunga kalamu.

Nikatoa daftari. Wakasaini mmoja mmoja,
wengine wakaongeza neno: hongereni, kazi safi, Mungu awabariki.
Mama akalivuta. "Na mimi je?
Hawa wamekuja kwangu, nisionekane kwamba nilikuwepo?"
Akachovya dole gumba kwenye vumbi la mkaa, akabonyeza.

Duara jeusi, tupu,
laini kama sarafu iliyopita mikono mingi.
Dada mmoja akataka kuandika jina pembeni yake.
"Acha," akasema mama, "wino wako utaisha bure,"
akarudi kugeuza vitofali vyake, jua lisije likamkimbia.

Nililifunga daftari bila kupuliza.
Jioni, kulifungua nihesabu majina,
nikakuta duara limejichapa tena
kwenye ukurasa wa pili, mweupe,
ambao wageni wa kesho bado hawajaandika kitu.