Zawadi ya Harusi

Bibi yangu Ishbel aliolewa Dundee, mwezi wa Aprili,
mvua ikinyesha kiubavu kutoka mtoni.
Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na meno thelathini.
Wiki moja kabla ya harusi hakubaki na hata moja.

Hayakuwa mabovu. Nasema tena, maana kila nikisimulia
watu hutikisa kichwa wakidhani palikuwa na ugonjwa.
Palikuwa na baba mwenye hesabu kali,
fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha magunia,
aliyeona kuwa mke mwenye meno ni deni:
leo gego, kesho chonge, kesho kutwa
mshahara wa mume wote umeishia kinywani.
Basi akalipa mara moja,
kama mtu anayejinunulia jeneza kabla bei haijapanda,
akamkabidhi binti seti mbili, ya juu na ya chini,
nyeupe kama sahani ambazo hazijaliwa.

Alitoka kwa daktari na leso mdomoni,
akapanda tramu, akashuka Lochee, akapika chakula cha jioni.
Picha ya harusi ipo kwangu.
Kila mtu anacheka isipokuwa aliyepewa zawadi.

Nilipokuwa mdogo nililala chumbani mwake.
Meno yalikaa kwenye bilauri kando ya saa,
yakitabasamu majini bila mwenyewe,
na Bibi, kibogoyo gizani, aliniita
jina likatoka laini, halina mfupa:
Thenga. Lala, Thenga.

Jino la pembe si dawa ya pengo,
na yale hayakuwa hata ya pembe.
Yalimchubua ufizi. Yalibofya akinywa chai.
Tofaa alilikwangua kwa kijiko, polepole,
kama anayefuta maandishi.
Nikamuuliza siku moja: uliumia, walipoyang'oa?
Akasema, "Siku ile hapana.
Nimeumia kila msimu wa matofaa."

Sasa nina miaka hamsini na minane,
na kila asubuhi nasimama kwenye shule ya chekechea
mbele ya watoto ishirini na wawili na miswaki ishirini na mmoja,
kwa sababu Struan ameuficha wake ndani ya kiatu.
Dawa, punje moja ya njegere, si zaidi.
Nyuma, Struan, nyuma kabisa, wanakolala wavivu.
Pale ufizi unapokutana na jino, dura ndogondogo, taratibu,
hatusugui sufuria.
Sasa tema. Usisukutue na maji, acha dawa ikae.
Sakafu nzima inateleza kwa povu.

Mama yake ni kijana, anafanya kazi za usiku.
Mtoto halali bila chupa ya sharubati.
Nimeyaona meno yake ya mbele: ukoga wa manjano,
kisha mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi wa gunia.
Nikamwambia, usiku mpe maji tu.
Akajibu, kachoka, hana ubaya:
"Si ni ya utoto tu? Yatang'oka yenyewe."

Nikamsikia fundi wa mitambo akipiga hesabu zake.

Sikumhubiria. Nilimwambia meno hayo yanashika foleni,
kama mtu aliyekuachia mkoba wake mstarini
akisema, nitarudi, usimpe mwingine nafasi yangu.
Nikampa mswaki, na wa kwake pia,
na tarehe ya daktari, Jumanne saa nne.
Alikuja Jumanne ya pili. Si haba.

Usiku, kabla ya kulala, napitisha uzi
kati ya gego na gego, mbele, nyuma,
mimi wa ukoo wa wasuka magunia.
Ninayo ishirini na sita. Nayahesabu kwa ulimi.

Ijumaa Struan alikasirika, akaniuma kidole.
Alama nne juu, nne chini,
kila moja imesimama mahali pake.
Nilizikagua vizuri, zote nane,
kabla sijakumbuka kupiga kelele.